Kariakoo ya Picha na Kariakoo ya Uani

Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo vipi. Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Nimeambiwa nina nusu saa na mimi nikianza kuongelea Kariakoo nusu saa ni salamu tu, kwa hiyo mwenye saa anikonyeze.

Nimekuja na picha moja. Hiyo hapo ukutani, mnaiona. Nyumba ya udongo imepigwa chokaa, bati limeshika kutu, mlango wa mbao katikati, baraza huku na baraza huku, wazee wanne wamekaa na vikombe vya kahawa, mmoja ana kofia ya kiua. Hii picha nimetumiwa mwaka huu mara tano na watu watano tofauti, na kila anayeituma anaandika yale yale, "enzi hizo mji ulikuwa mji". Wa mwisho kunitumia ni kaka yangu wa damu. Nikamuuliza, kaka, mimi niko wapi kwenye picha hii? Akasema wewe wala humo. Nikamwambia nimo, ila niko nyuma ya hiyo nyumba nakwangua sufuria.

(Kicheko.)

Sasa twende taratibu. Mimi nimezaliwa 1958, mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya vyumba sita. Vijana wa siku hizi ukiwaambia nyumba ya vyumba sita wanadhani ni bangaloo la Masaki. Hapana. Nyumba ya Kiswahili ni hivi, unaingia mlango wa mbele unakuta ukumbi, korido ndefu imenyooka mpaka mlango wa nyuma, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, ukitoka mlango wa nyuma uko uani, na uani ndio kuna jiko, choo, bafu, bomba, kamba za nguo na kuku wa bibi. Kuta ni miti na udongo, juu palikuwa makuti, wengine wakapiga madebe yaliyokunjuliwa, baadae mabati. Wenye nyumba tunakaa vyumba viwili, vinne vinapangishwa, kila chumba familia. Kwetu alikuwepo Mmanyema na mkewe, fundi cherehani wa Kizaramo, kuli mmoja wa bandarini, na mama mmoja anauza vitumbua ambaye mimi mpaka leo nikila kitumbua namlinganisha na yeye na bado hajapatikana wa kumshinda.

Na mji wenyewe haukujipanga kwa bahati mbaya. Mjerumani alianza na Mwingereza akakaza, Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na sisi Uswahilini huku, alafu katikati wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kututenga. Hata jina Kariakoo ni la jeshi, ile Carrier Corps, wapagazi wa Mwingereza vita ya kwanza ya dunia, kambi yao ilikuwa hapa hapa sokoni. Wazee ulimi ukawashinda wakasema Kariakoo na ikawa basi. Kwa hiyo anayesema mji wa zamani ulikuwa umetulia, ni kweli ulitulia, ila walioutuliza walikuwa na rula mkononi na kila rangi ya mtu ilikuwa na upande wake.

Sasa baraza. Nisikilizeni vizuri hapa maana ndipo ugomvi wangu ulipo. Baraza ni mahali pazuri mno, sibishi. Mzee anatoka swala ya alasiri anakaa, muuza kahawa anapita anagonga vikombe, kashata ipo, bao lipo, Simba wako Msimbazi na Yanga wako Jangwani kwa hiyo maneno hayaishi. Siasa ya nchi hii imepita kwenye mabaraza hayo. TANU imezaliwa tarehe 7 Julai 1954 pale New Street, leo mnaita Lumumba, kutoka kwetu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Yote kweli. Lakini barazani palikuwa pa wanaume. Msichana alikuwa anapita barazani, hakai. Ukikaa mama anakuita kwa jina lako lote.

Sisi dunia yetu ilikuwa uani. Na siasa uani ilikuwepo pia, mnajua? Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, Bomba, kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, na wanawake wa hapa aliwapata kupitia vikundi vya ngoma kama hivyo, kwa wanawake wenyewe, hakuwapata barazani. Nitajieni picha ya ua mmoja wa Kariakoo ya 1955. Barazani picha zipo. Uani nani aende na kamera, apige choo?

Na choo chenyewe kimoja. Nataka hili nilikalie kidogo maana picha hainuki. Choo kimoja, bafu moja, vyumba sita, mnaweza mkawa watu 25. Asubuhi foleni, kila mtu na kopo lake. Bafu halina bati juu, mvua ikinyesha unaoga mara mbili. Maji ya bomba yakitoka alfajiri ndio hayo hayo, aliyelala kalala. Majiko ya mkaa sita yamewashwa kwa wakati mmoja, moshi unakutoa machozi huku mtu anakuhadithia habari za harusi, na wewe unacheka na kulia pamoja. Mpangaji wa chumba cha tatu akiishiwa chumvi hasemi naomba, ananyoosha mkono tu bila kugeuka na mtu anamwekea. Huo mkono ulionyooshwa ndio ninaoukumbuka mimi. Choo sikikumbuki kwa mapenzi hata kidogo, na anayesema anakikumbuka namuomba ahamie huko.

Sasa watu wanauliza nani kaua ile Kariakoo. Jibu la haraka ni ghorofa, ni matajiri, ni serikali. Mimi nasema subirini.

Kwanza baraza halikuuliwa na ghorofa. Baraza tumelivunja wenyewe, tena nyumba ikiwa bado imesimama. Miaka ya 80 katikati biashara ikafunguliwa, mzee Mwinyi akaingia 85, ruksa, mitumba ikaja, vitu vya Dubai vikaja, na mtu akaja kwa baba yangu akamwambia mzee hilo baraza lako nipe niweke mlango, nitakupa kilemba, ile hela ya kuingilia, na kodi ya mwaka mzima mkononi. Baba akawaza siku mbili. Siku ya tatu fundi akaja na nyundo. Baraza la kulia likawa fremu ya viatu, mwaka uliofuata la kushoto likawa fremu ya vitenge. Wazee wakahamishia bao upande wa pili wa barabara, nako kukawa fremu, wakaenda kona, mwisho kila mtu akabaki kwake. Kodi ya fremu moja ilizidi kodi ya vyumba vinne vya uani. Sasa wewe ungekataa? Mimi ada yangu ya mwisho ya chuo cha ushoni imelipwa na lile baraza, siwezi kukaa hapa nikajifanya nalililia.

Pili ni mirathi. Hii haisemwi kabisa na ndiyo iliyomaliza kazi. Zile nyumba za Uhindini ziliguswa na sheria ya 1971, majengo ya zaidi ya shilingi laki moja yakachukuliwa na serikali. Ya kwetu ya udongo nani angeipa bei hiyo, ikabaki mikononi mwetu. Alafu baba akafariki. Hesabu hii hapa, vijana wenye simu fungueni kikokotoo. Kaacha mjane mmoja, wanaume wanne, wanawake watatu. Mjane thumni, moja ya nane. Zilizobaki mwanaume mafungu mawili, mwanamke moja, jumla mafungu 11. Nyumba vyumba sita. Mama kapata robo tatu ya chumba. Kaka zangu kila mmoja chumba kimoja kasoro mahali pa kuweka kabati. Sisi wasichana kila mmoja nusu chumba, na hiyo nusu yenyewe haikutimia.

(Kicheko.)

Mnacheka lakini nusu chumba unakaaje? Unapangisha nusu kitanda? Na mmoja yuko Tabora anataka hela yake, mwingine ana mtoto hospitali. Hapo ndipo anaingia dalali na mtu wa ubia, nyie toeni kiwanja, mimi natoa hela, ghorofa likiisha tunagawana. Tukasaini. Tuliahidiwa fremu mbili za mbele chini, tulichopata ni fremu moja ya nyuma karibu na ngazi ambayo mteja haifiki mpaka awe amepotea. Jina la aliyejenga silitaji, na sisi wenyewe hatukusoma karatasi, ilikuwa ya Kiingereza na tulikuwa na haraka ya hela. Kwa hiyo nikisikia "wameubomoa mji wetu" huwa natazama mikono yangu hii.

Sisemi maghorofa ni mazuri, wallahi sisemi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa limeanguka pale Mchikichi, watu wamekaa chini ya kifusi siku kadhaa, zaidi ya 20 wakafa, wengi watu wa biashara waliofungua duka asubuhi tu. Nyumba ya udongo ikianguka inaanza kupasuka mwaka mzima kabla, mnaizoea, mnaiwekea nguzo. Hiyo tofauti naijua.

Na kuna kitu cha kuchekesha kwenye huku kukumbuka. Soko lilipoungua tarehe 10 Julai 2021 watu walilia, na mimi nililia, lile jengo la mchoraji wetu Beda Amuli lenye paa kama miavuli mikubwa ya zege. Lakini babu yangu, lilipojengwa miaka ya 70, alikuwa anapita pembeni anatema mate anasema wameharibu soko, soko lilikuwa lile la Mjerumani. Babu! La Mjerumani! Mjerumani huyo huyo aliyekuwa akiwachapa viboko. Nadhani babu alikuwa anaikumbuka miguu yake ya ujana inapita pale, jengo lilimpata kwa bahati tu.

Nimeambiwa muda. Haya namalizia. Ukitaka kuona vilivyohifadhiwa Dar nenda Boma la Kale la enzi ya Sultani Majid, nenda kanisa la Azania Front, nenda Mtakatifu Yosefu, vyote vipo na vinapendeza. Mawe ya sultani na mawe ya Mjerumani. Nyumba ya Kiswahili yenye ua wake kamili Kariakoo zimebaki za kuhesabu, na nyingi zina kesi ya mirathi, ikiisha kesi imeisha nyumba. Siombi zisibomolewe, wenye nusu vyumba wana shida zao. Naomba kabla ya nyundo mtu aingie na futi apime, aandike chumba kipi alikaa nani, bomba lilikuwa kona ipi, mlango wa nyuma ulifungukia wapi. Mabinti wa chuo cha ardhi mliokaa hapo mbele mnaweza kufanya hiyo kazi kwa wikiendi mbili, na chai nitapika mimi.

Na mwenye picha ya uani, uani siyo barazani, hata kama imekatika, hata kama mna nguo za ndani kwenye kamba, anione pale mlangoni kabla hajaondoka. Nina simu ya mjukuu wangu, itapigwa hapo hapo na picha yako utarudi nayo nyumbani.