Kuvua trauti kwa nzi wa bandia: tuanzie kwenye nyasi

Haya wadau, karibuni. Leo tuko Moshi, kwenye kiwanja cha nyasi, maji hakuna hata tone, na somo ni kuvua trauti wa kahawia, samaki wa maji baridi, kwa nzi wa bandia. Msicheke. Anayeanzia mtoni hushinda akinasua ndoana kwenye matawi.

Kwanza tuelewane. Mvuvi wa perege kule bwawa la Nyumba ya Mungu hufunga chubwi, na chubwi ndiyo inayopeleka mshipi mbali. Nzi wetu ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, hana uzito wowote. Hapa mzito ni mshipi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki. Kwa hiyo unarusha mshipi, nzi anafuata tu.

Fimbo yangu ni ya futi 9, namba 5, na mshipi ni namba 5; namba hiyo ni daraja la uzito wa mshipi. Zilinganishe. Mbele ya mshipi inakuja nailoni inayokwenda ikikonda, nayo futi 9. Leo mwishoni nafunga kishungi cha sufi nyekundu badala ya ndoana. Masikio yako yatanishukuru.

Fundo sasa, sogeza kamera. Pitisha nailoni tunduni, izungushe juu ya yenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu. Tia mate, ndipo ukaze polepole. Ukikaza ikiwa kavu, msuguano unaichoma na itakatikia hapo hapo.

Tunarusha. Tandaza mshipi mbele yako kama mita 8, unyooke. Nitazame kwa ubavu, halafu fikiria uso wa saa ya ukutani nyuma yangu. Nainua fimbo, naongeza kasi, naisimamisha ghafla kwenye namba 1. Nasubiri. Geuza shingo utazame, ruksa: mshipi unakunjuka hewani. Ukikaribia kunyooka, sukuma mbele, simamisha ghafla kwenye namba 10. Halafu shusha ncha taratibu.

Ukisikia mlio wa mjeledi, umesukuma mapema mno. Siku ya kweli mlio huo ni nzi wako anakatika. Mshipi ukianguka kwenye nyasi nyuma yako, umelegeza kifundo cha mkono. Dawa yake ni hii: vaa shati la mikono mirefu, chomeka kitako cha fimbo ndani ya mkono wa shati. Kifundo hakitakunjika tena hata ukitaka. Na usitumie nguvu. Wenye misuli ndio wanaonipa kazi hapa.

Mtoni, trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kimfikie. Mwendee kutoka chini, yaani upande maji yanakoelekea, nyuma yake, ukiinama. Mwangushe nzi mita moja au mbili mbele ya kichwa chake, upande mkondo unakotoka, aelee kwa mwendo wa maji. Mkondo ukianza kuvuta tumbo la mshipi, yaani ile sehemu ya kati inayopinda juu ya maji, nzi atakimbia kuliko maji na samaki atashtuka. Inua tumbo hilo ulitupe upande mkondo unakotoka. Ziwani hakuna mkondo, samaki ndiye anayetembea: acha nzi azame, kisha uvute mshipi kwa mkono, vipande vifupi vifupi. Akishika, inua fimbo.

Wapi utampata? Asili yake ni Ulaya. Kenya aliletwa mwaka 1905, akapandwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Anataka maji baridi yenye oksijeni nyingi. Yakipita nyuzi 20 za Selsiasi anaanza kutaabika, kwa hiyo Nyumba ya Mungu usijisumbue. Kutoka Arusha unapita Namanga, Nairobi, halafu Nyeri. Beba pasipoti, kata leseni ya uvuvi ya Kenya kabla ya kulowanisha mshipi, na ukiingia ndani ya hifadhi kuna kiingilio chake. Koleo dogo usiliache: libanie kile kijino cha ndoana kilale, samaki mdogo umwachie bila kumchana mdomo.