Bomba lililopasuliwa: mhadhara kuhusu fremu za magari kwa mafundi vijana, Arusha

Hamjambo mafundi? Shikeni haya mabomba mawili ya plastiki, yapitisheni nyuma. Urefu mmoja, uzito mmoja. Hili moja nimelipasua kwa msumeno kutoka ncha hadi ncha. Jaribuni kuyasokota. Lililopasuliwa linasokoteka kama kitambaa, sivyo? Na sijapunguza plastiki, nimefungua umbo tu. Chukueni skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, ya milimita 50, unene milimita 2: ukiipasua upande mmoja, uwezo wake wa kukataa kusokotwa unashuka zaidi ya mara 400.

Gari langu la kwanza la kujiundia nililijenga kwa chaneli, chuma chenye umbo la U, yaani bomba lililokwisha kupasuliwa kiwandani. Tairi moja likipanda jiwe, fremu inasokoteka, mlango haufungi. Nikaongeza chaneli. Mlango ukagoma vilevile, na sasa springi zinalala, breki hazitoshi, nikabadilisha zote. Uzito huzaa uzito.

Waingereza waliounda Lotus Seven, gari dogo la michezo, mwaka 1957 walitumia mabomba membamba. Iliuzwa vipandevipande, mnunuzi aunganishe mwenyewe akwepe kodi ya ununuzi (kodi haikuanza kusumbua watu leo). Mwaka 1962 ikaja Elan, gari jingine la Lotus: uti wa mgongo mmoja wa bati la chuma, umefungwa kama sanduku, bodi ya faibaglasi juu yake.

Mnaojenga kwa mabomba, tazameni kenchi za paa. Seremala haachi pembe nne tupu, anaweka mshazari. Skwea paipu ya milimita 25 yenye unene wa milimita 1.6 ina kilo 1.2 hivi kwa mita. Ya unene wa milimita 3 inakaribia kilo 2.1. Kwa fremu ya mita 40 tofauti ni kilo 35 na ushee. Lakini mshazari mmoja wa mita moja ni kilo moja na kidogo, basi ongezeni mshazari kabla ya unene.

Nanyi mnaorefusha Land Cruiser za watalii: chasisi ikirefuka, inasokoteka zaidi. Halafu mnakata paa ili mgeni asimame atazame simba. Bodi nayo ilikuwa inasaidia kushika. Hapo mmepasua bomba. Zungusheni ukingo wa tundu kwa skwea paipu, japo hamtarudisha yote.

Kupima ni rahisi. Funga nyuma ya fremu isitikisike, mbele ikae juu ya egemeo moja la katikati. Toa mkono mgumu wa mita 1 kwenda kando, ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50. Ncha ikishuka milimita 17 na nusu, fremu imejisokota digrii moja: ugumu wake ni nyutoni-mita 490 (kipimo cha nguvu ya kusokota) kwa digrii. Ikishuka nusu ya hapo, ugumu ni mara mbili. Ongeza kipande, kipime uzito, ning'iniza tena. Kisichobadilisha kitu, kikate.

Fremu iko nje kwenye stendi. Nani amebeba saruji?