Chaja ya Roboti ya Gramu 150

Marahaba, marahaba. Sogeeni mbele, viti vipo. Msiogope, betri hii hailipuki. Nadhani.

Naichomeka kwenye chaja sasa hivi, tuongee huku moto unaingia. Wa nyuma hamuioni, maana haifiki hata ukubwa wa kiberiti. Ni lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, ya seli mbili, ujazo wake miliampia-saa 180, na nimeiwekea ampia 0.18, namba ile ile ya ujazo. Hiyo namba msiisahau.

Nimeichomoa kwenye roboti ya mapambano ya daraja la gramu 150, ambalo Waingereza wanaliita la sisimizi. Wamarekani nao wana sisimizi wao, ila wa ratili moja, kama gramu 454. Kwa hiyo ukikuta ushauri wa betri mtandaoni, tazama kwanza ni sisimizi wa nani.

Swali ninaloulizwa kila siku ni chaja ipi ina nguvu. Jamani, mnauliza utadhani mnachaji bajaji! Betri hii ikijaa ina volti 8.4. Zidisha kwa 0.18, unapata wati moja na nusu. Chaja ya wati 50 ni kubwa kupita kiasi tayari. Muuzaji muulize mengine: ampia zake zinashuka hadi ngapi? Na inaisoma kila seli peke yake?

Ziko zile ndogo za taa tatu, bei yake nzuri, nami ninayo moja. Tatizo mwendo wake ni mmoja, huwezi kuupunguza. Yangu inatoa ampia 0.8. Ukiipa betri ya miliampia-saa 800 hakuna neno. Ukiipa hii, umeilisha zaidi ya mara nne ya inavyostahili.

Sasa habari ya seli. Nani ana mita ya kupimia volti? Njoo, mdogo wangu. Shika hii nyingine, ni mbovu, nimekuja nayo makusudi. Unaona kiplagi cheupe cha matundu matatu? Waya mweusi wa mita weka tundu la pembeni, kwenye waya mweusi wa betri, mwekundu tundu la kati. Soma kwa sauti. 3.51. Sogeza zote tundu moja. 4.02. Asante, kaa.

Mmesikia? Betri moja, seli mbili, moja ina njaa na nyingine imekaribia kushiba. Chaja isiyotazama kiplagi hicho inaona jumla tu, 7.53, na itaendelea kusukuma mpaka 8.4. Kila seli mwisho wake ni 4.2. Kabla jumla haijatimia, ile ya pili itakuwa imeshapita hapo, nayo lipo ikipitishwa inavimba, na ikizidi inawaka. Chaja yenye kusawazisha inaishusha iliyo juu kidogo kidogo hadi mwenzake amfikie. Kama tofauti ni kubwa hivi, mimi siichaji tena. Naizika kwenye ndoo ya mchanga.

Lakini chaja nzuri haimwokoi mzembe. Mimi mwenyewe, usiku mmoja, nilibonyeza menyu nikiwa na usingizi nikaangukia programu ya betri za nikeli. Programu hiyo haijui habari ya 4.2, yenyewe inasubiri volti zishuke kidogo ndipo ikate. Nilishtuliwa na harufu, tamu kama ya rangi ya kucha. Betri imeumuka kama andazi. Niliitoa nje na koleo la jikoni, na hadi leo mke wangu hajaambiwa koleo lile lilienda wapi.

Wale wa kujenga, najua mmekuja kwa ajili ya hili. Betri ya seli moja jengeni bila wasiwasi. Mafundi simu wanavyo vile vibao vidogo vya TP4056, vya kuchajia seli moja. Kikija, kimefungwa rezista ya kilo-omu 1.2, kinatoa ampia moja. Ing'oe, weka ya kilo-omu 10, kinashuka hadi miliampia 130 hivi. Mwanzo kinasukuma kwa kasi moja, kikifika 4.2 kinapunguza, kama unavyomimina soda glasi ikikaribia kujaa, kisha kinakata.

Msije mkachukua viwili mkavilisha kwa chaja moja ya simu ili kuchaji seli mbili zilizofuatana. Hasi zao zimeungana ndani. Seli ya chini mtakuwa mmeipiga shoti. Kwa seli mbili na kuendelea, nunueni chaja, jengeni pawasaplai ya kuilisha. Ya kompyuta iliyokufa inafaa: unganisha waya wa kijani na mweusi iwake, volti 12 zipo kwenye wa njano. Chaja nyingi za aina hii zinapokea volti 11 hadi 18. Boksi lake lakini msilifungue, kapasita za ndani zinabaki na umeme hata ukichomoa.

Kuhusu haraka: pambano ni dakika mbili tatu, kuchaji ni saa nzima. Wengi hapo wanaongeza ampia. Mimi naongeza betri, naenda na nne. Zikibaki nyumbani, nazirudisha kwenye 3.8 kila seli. Chaja ina programu yake ya kuhifadhi.

Hebu tuone hii yetu. Seli ya kwanza 4.06, ya pili 4.05, na ampia bado ni 0.18, haijaanza kupunguza. Ina muda. Ulizeni maswali, mimi jicho langu liko hapa.