Kuitazama Seli ya Kiinitete Bila Kuivuruga: Mhadhara Uliotolewa Nairobi

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu na wanafunzi,

Anayechunguza kiinitete kilicho hai, yaani kiumbe katika hatua zake za kwanza za ukuaji, huona seli moja ikigawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, hadi zikawa maelfu ya seli zinazohama na kubadilika, naye anataka kujua ni zipi zilizotokana na ile aliyoiwekea alama mwanzoni. Rangi za kawaida zinazong'aa hazimfikishi mbali, kwa kuwa hufifia upesi zikimulikwa chini ya hadubini.

Nukta za kwanta hudumu zaidi. Ni fuwele zenye upana wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache, mara nyingi za kadimiamu selenaidi (mchanganyiko wa metali ya kadimiamu na seleniamu) iliyovikwa gamba la zinki salfaidi, na rangi yake hutegemea ukubwa: ndogo hutoa mwanga wa buluu na kubwa mwekundu, hata zikimulikwa kwa taa moja. Kazi ya kuzigundua na kuzitengeneza nukta hizi iliwapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Mwaka 2002, mtafiti Benoit Dubertret na wenzake walizifunika nukta hizo kwa fosfolipidi, aina ya mafuta yanayounda utando wa seli, ili zistahimili maji ya ndani ya seli, kisha wakazidunga katika seli moja ya kiinitete changa cha chura Xenopus laevis, ambaye jamaa yake, Xenopus borealis, anaishi hapa Kenya. Kila seli ilipogawanyika, seli zilizozaliwa ziligawana chembe hizo, na mng'aro ukafuatiliwa hadi kiluwiluwi. Walipozidisha kiasi cha nukta walizodunga, hata hivyo, viinitete vilipata kasoro, na kwangu mimi tokeo hilo lina uzito kuliko picha zenyewe, kwa sababu kiinitete kilichovurugika hakiwezi kutuonyesha ukuaji wa kawaida. Kadimiamu ni sumu, na gamba likimomonyoka ioni za kadimiamu, yaani atomu zake zenye chaji ya umeme, huvuja ndani ya seli. Ndiyo maana lazima viinitete visivyodungwa vikuzwe sambamba kwa ajili ya kulinganisha, katika maji yaleyale na joto lilelile.

Kwa hiyo navutiwa zaidi na almasi za nano. Hizi ni chembe za almasi zenye upana wa nanomita, yaani kaboni yenye atomu ya nitrojeni kando ya nafasi tupu ambapo atomu moja ya kaboni haipo; zikimulikwa kwa mwanga wa kijani hung'aa nyekundu bila kufifia, na hazina kadimiamu. Zimeshatumika hata kupima joto ndani ya kiinitete cha mnyoo C. elegans. Maabara yetu ikianza kazi hii, ningependa tuhesabu kwanza viinitete vinavyokua salama, ndipo tupige picha.