Tuulizeni Habari za Ndoo

Ahsante, mwenyekiti. Wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, wanajua nitasema nini. Nitasema hilohilo.

Dodoso la mpango huu wa kupunguza taka za mji, mnalokusanyia maoni yetu, linaanza hivi: "Je, unaunga mkono kupunguza taka zinazopelekwa dampo?" Jamani! Nani atajibu hapana? Hata yule anayemwaga taka mtaroni usiku wa manane atajibu ndiyo, tena kwa herufi kubwa. Halafu hizo "ndiyo" zitahesabiwa, zitachapwa, ziitwe maoni ya wananchi. Mnataka maoni? Niulizeni ndoo ya mabaki ya chakula itakaa wapi kwa familia inayoishi chumba kimoja. Itakaa siku ngapi kabla gari halijapita? Gari lisipopita, nimpigie nani? Hapo jibu langu linaweza kuubadili mpango wenu.

Naing'ang'ania ndoo kwa sababu uzito uko humo. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka za mijini ni mabaki ya chakula na majani. Yakifukiwa dampo pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 20 hupasha joto takriban mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Na yale maji meusi yanayochuruzika chini ya dampo, mengi chanzo chake ni hichohicho. Lakini tazameni mabango ya mpango: chupa za plastiki kutoka ukuta hadi ukuta!

Najua kuna atakayesema watu wetu hawana nidhamu ya kutenganisha taka. Wakorea walizaliwa nayo? Mwaka 1995, Korea Kusini ilipoanza kuwatoza watu kwa kila mfuko wa taka, ilikuwa ikirejeleza takriban asilimia 2 tu ya mabaki ya chakula. Mwaka 2005 ikapiga marufuku kuyafukia dampo moja kwa moja. Mwaka 2013 ikaja ada ya mabaki yenyewe, kwa kipimo. Kwenye maghorofa mengi ya Seoul unagusisha kadi, pipa linafunguka, linapima ulichomwaga, unadaiwa. Sasa zaidi ya asilimia 90 yanageuzwa mboji, chakula cha mifugo au gesi. Hesabuni miaka hapo. Sisi tunataka matokeo kabla ya uchaguzi ujao.

Na msiniambie wale ni matajiri. Utajiri haumfundishi mtu kuchuja mchuzi kabla ya kumwaga. Anajifunza akiona gari linafika siku iliyosemwa, na alichotenganisha hakichanganywi tena mbele ya macho yake. Mkiitanguliza ada gari likafuata baadaye, mtaro ndio utakaoshiba.

Waokota taka, kwa haraka: sioni hata mmoja ukumbini, na wao walikuwa wakipunguza taka kabla mpango haujaandikwa. Wafuateni kulekule dampo, mkawasikilize. Wapangaji je, nani atamlazimisha mwenye nyumba kutenga sehemu ya mapipa? Vifungashio vya viwandani naviacha, nimeshaonyeshwa kikaratasi cha dakika moja.

Basi dakika hiyo ni ya ombi. Lifuteni swali la kwanza, liandikeni la ndoo. Na ripoti ya mwisho itaje kila pendekezo mlilolikataa, pamoja na sababu. Haya, mwenye swali aulize, ila asiniulize kama naunga mkono.