Wodi Nzima Haiwezi Kupumua Mara 20

Wenzangu wauguzi, na nyinyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, nimewaona. Waandaaji wamenipa mada ndefu: uamuzi wa muuguzi kwa mtu mzima mwenye presha, sukari, nimonia na kadhalika. Wanaonijua hapa Kisumu wanajua nitakwama wapi. Nitakwama kwenye pumzi.

Nipeni chati yoyote ya wodi ya watu wazima. Joto linapanda na kushuka, presha vilevile, mapigo ya moyo vilevile. Ukifika safu ya kupumua: 20, 20, 20, hapa 18 kwa ajili ya adabu, halafu 20. Wodi nzima inapumua pamoja kama kwaya. Hata yule aliyefariki alfajiri, saa nane usiku alikuwa 20. Na namba hii hatuiokoti njiani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo 20 ndiyo ya juu kabisa isiyomwamsha mtu. Waingereza wana mfumo wa alama wa kumtambua mgonjwa anayezidiwa, NEWS2. Ukihesabu 25, unaandika alama 3 papo hapo, na lazima akaangaliwe haraka. Ukiandika 20, sufuri. Tumejichagulia namba inayotuacha tunywe chai.

Siwasengenyi. Mkono ulioandika ni huu. Miaka yangu ya mwanzo, hospitali moja ya huku magharibi, zamu ya usiku, akalazwa mtu wa makamo, mkulima wa mpunga kutoka Ahero. Anatapika, tumbo linamuuma, hana nguvu. Huku kwetu mtu akitapika jina la kwanza ni malaria, na faili likaandikwa malaria. Nikampima joto, halikuwa juu. Kupumua nikaandika 20. Kifua chake sikukitazama hata kidogo. Saa sita usiku mke wake akaja mezani pangu. "Sista, mume wangu anapumua kama mtu anayekimbia, na amelala." Nikamwambia, mama, ni maumivu hayo, nenda ukapumzike. Saa nane akarudi. Saa kumi akarudi. Nami niliandika 20 zangu, kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi sista mkuu wa wodi, mama mkali mwenye saa ya kubandika kifuani, akasimama kando ya kitanda kile dakika nzima bila neno. 36. Akainama akanusa pumzi ya mgonjwa: nanasi lililoanza kuchacha. Kipima sukari hakikutoa namba, kilileta H na I, maana yake imepita uwezo wake wa kupima. Mapafu yalikuwa safi! Sukari imejaa kwenye damu, insulini hakuna, mwili unachoma mafuta na kutengeneza asidi, na mapafu ndiyo yaliyokuwa yakijaribu kuifagia, pumzi ndefu ndefu usiku kucha, huku mimi nikipanga dawa kwenye toroli. Maji ya mshipa na insulini vilianza saa mbili asubuhi. Alitoka siku ya kumi na moja. Mke wake alipita mezani pangu asiniage, na alikuwa na haki.

Najua mtakalosema, nimelisikia Nakuru, nimelisikia Kakamega. "Sista, tuko wawili kwa wagonjwa 40." Kweli. Dakika moja kwa kila mmoja ni dakika 40, na hamnazo. Basi mhesabu aliyeingia leo, aliyebadilika tangu mchana, na yule ambaye ndugu zake wamekuja mezani mara mbili. Waliobaki, kama hukuhesabu, acha nafasi wazi. Nafasi wazi humwambia wa zamu ya asubuhi aanzie hapo. 20 ya uongo humwambia apite.

Na usimtangazie mgonjwa kwamba unahesabu pumzi, atazibadilisha hapo hapo. Mshike mkono kama unayetafuta mapigo, macho yako kifuani, dakika nzima. Mambo ya sekunde 15 mara nne yaacheni: ukikosa pumzi moja umekosa nne.

"Lakini tuna kile cha kidoleni." Hicho mmekipenda kuliko mgonjwa. Kinachosema ni kwamba damu iliyopo imebeba oksijeni kiasi gani. Damu yenyewe ni ngapi, hakijui. Mtu mwenye malaria kali au selimundu, kipimo chake cha wingi wa damu (hemoglobini) kimeshuka hadi 5, anaweza kukuonyesha oksijeni asilimia 98 na utampita. Mkulima wangu wa Ahero naye nadhani angekupa 97 safi kabisa.

Presha: mgonjwa akae dakika 5, anyamaze, mkanda umtoshe mkono. Mnayajua, hamyafanyi, tuendelee. Mzee anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na figo zake zimechoka, sukari ikishuka ukampa glukosi akazinduka, usimwachie aende nyumbani jioni ileile. Dawa bado imo mwilini, itamwangusha tena usiku. Moyo kujaa maji nilikuwa nimeuandalia kurasa tatu, lakini naona naonyeshwa saa.

Mwenyekiti, nilipoanza ulikuwa 16. Sasa nimekuhesabu, umefika 24. Haya, nashuka.