Farasi Yuko Wapi? Tunamzungumzia Miguel Najdorf

KHERI: Karibuni tena. Mwenzangu leo kanywea, na waliomsikia wiki jana akitamba wanajua kwa nini.

MWANAIDI: Sikutamba, nilisema nitajaribu kucheza sataranji bila kutazama ubao. Jumanne nikaupa ubao mgongo, mpwa wangu akawa ananitajia kete zinakokwenda. Hatua ya saba tu, farasi wangu simwoni kichwani.

KHERI: Kaenda malishoni.

MWANAIDI: Namwamuru aruke, naambiwa, "Shangazi, huyo alishaliwa zamani."

KHERI: Na huo ni ubao mmoja! Najdorf, mchezaji wa sataranji, São Paulo, Brazili, 1947, mbao 45 kwa mpigo bila kutazama hata mmoja. Karibu saa 24. Kashinda 39, sare 4, kafungwa 2.

MWANAIDI: Ngoja. Mbao 45, farasi wawili wawili... farasi 90 kichwani!

KHERI: Na wa wapinzani je? 180.

MWANAIDI: Mimi mmoja kanishinda.

KHERI: Turudi kwa mtu wetu, tafadhali. Kazaliwa Grodzisk Mazowiecki, karibu na Warsaw, 1910. Mwaka 1939 yuko Buenos Aires na timu ya Poland kwenye olimpiadi ya sataranji. Mashindano hayajaisha, Wajerumani wanaivamia Poland. Naye ni Myahudi. Akabaki Argentina.

MWANAIDI: Huku nyuma kaacha mke, mtoto, wazazi, ndugu. Wote wakauawa. Ndiyo maana mambo yale ya kucheza bila kuona siyaiti maonyesho. Mwenyewe alieleza: habari zikifika magazetini, huenda mtu wake akaliona jina, ajue yuko hai. Ile ilikuwa barua.

KHERI: Ya Rosario, Argentina, 1943, mbao 40, sawa, barua. Lakini vita viliisha 1945! Hii ya 1947 anaongeza tano juu ya zake mwenyewe. Jamaa alipenda jukwaa, Mwanaidi.

MWANAIDI: Hana hata kaburi la kuzuru, wewe unamshikia kalenda?

KHERI: Namshikia tarehe. Huzuni haimzuii mtu kutaka rekodi.

MWANAIDI: Basi hujawahi kumsubiri mtu.

KHERI: Hilo si jibu.

MWANAIDI: Ndilo nililonalo.

KHERI: ...Haya. Farasi yuko wapi?

MWANAIDI: Usinichekeshe, bado nimekasirika.

KHERI: Fundi wetu kaonyesha vidole viwili, dakika mbili. Na tulipanga kueleza Ulinzi wa Sisilia, namna ya mweusi kuanza mchezo, kwa mtindo wake, kale kaaskari ka pembeni kanakosogea mraba wa a6. Watu wanajua a6, mwenyewe hawamjui.

MWANAIDI: Na alivyouza bima akatajirika, na mashindano ya Zürich 1953. Mie nilikuwa na masomo matatu hapa kwenye karatasi.

KHERI: Ikunje. Ila ya 1947 sijakubali.

MWANAIDI: Sijakuomba.

KHERI: Na mpwa?

MWANAIDI: Asubuhi kanitumia picha. Farasi wangu kalazwa ubavu kando ya ubao, kafunikwa kitambaa cha kufutia miwani.